Kuingia Holt Bila Hodi

Novemba 1891

Mama mpenzi,

Keziah ametia kidole kwenye wino sasa hivi akakipaka hapa juu, kwa hiyo doa hilo ni salamu zake kwako. Sisi hatujambo, ila yeye anakohoa. Vipi wewe na baba na baridi ya huko pwani? Goti lake limepoa?

Huku wameanza kukata Holt. Ule msitu mdogo nyuma ya nyumba hakuna anayeuita msitu, wote husema Holt. Nilimwuliza mume wangu Jabez neno hilo lina maana gani, akasema kuni tu, mke wangu. Mama mkwe akamkemea. Alisema Holt ni miti, ni pango la fisi maji, ni maficho ya kila kisichotaka kuonekana, ndiyo maana wazee hawakuingia bila hodi. Na mti wa elda, wenye bibi mzimu ndani yake, huombwa kwa sauti kabla ya kukatwa: Bibi, nipe mti wako, nami nikija kugeuka mti nitakupa wangu. Jabez akauliza, hata akienda haja mule apige hodi? Mama mkwe akamwambia cheka tu, meno bado unayo.

Jumatatu shoka la Reuben, anayekata miti pamoja na Jabez, lilichomoka mpini likampita yeye mwenyewe sikioni. Jumatano tawi likamvunja bega. Wengine wamegoma. Leo Jabez ameingia peke yake, maana mwenye msitu amesema asiyekata ahame nyumba yake tunayokaa.

Mama, nisikufiche. Mwezi uliopita kitanda cha kubembea cha Keziah kilivunjika mguu. Nikaingia Holt na panga, nikakata elda. Sikuomba. Niliona haya kusema na mti kama mwendawazimu. Jabez nikamwambia nimeokota tawi lililoanguka, akakitengeneza. Kikohozi kilianza wiki ileile. Asubuhi nilitaka kumweleza, nikaishia kumfungia mkate na jibini.

Lakini sijakata tamaa. Mguu ule nimeshauchomoa. Nikimaliza barua hii naurudisha Holt na kuomba radhi kwa sauti, anisikie atakayenisikia, na jioni Jabez nitamwambia yote. Nisalimie baba, mwambie mjukuu wake ana meno ma...

Ngoja, mama mkwe ananiita kutoka uani. Anasema nimwache mtoto humu ndani, nivae viatu upesi, shoka la Jabez halisikiki tangu...