Nyeusi Isiyochuja

Mjukuu wangu Idrisa,

Pokea salamu za babu yako kutoka mtaani kwetu Sanyuanli. Bibi yako hajambo, goti limetulia, ila mvua haijatuacha.

Unauliza kwa nini mabwana wa Italia ya kale, wenye mali na amri, walichorwa wamevaa nyeusi tupu. Wengi hukosea hapo: hudhani nyeusi ni unyenyekevu na ukubwa uko kwenye dhahabu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilipokuwa kijana nilinunua suti nyeusi rahisi sokoni Shahe, nikaivaa kwenda mji wa Xintang kumwomba mama mmoja mwenye kiwanda cha jinzi anipe mzigo wangu wa kwanza. Kulikuwa na joto kali. Nilipovua koti, shati langu jeupe lilikuwa limegeuka buluu shingoni na kwapani; kumbe nyeusi ya koti ilikuwa buluu iliyokolezwa, nayo imechuja.

"Rafiki," mama akacheka, "umekuja kununua nguo au kutia shati rangi?"

Akalowesha kitambaa cheupe, akasugua suruali yake nyeusi. Kitambaa kikabaki safi.

"Hii ndiyo nyeusi. Hakuna rangi ngumu kuipata kama hii."

Mzigo sikuupata siku ile.

Sasa tazama tena hizo picha za mabwana wako wa Italia. Mbona ukosi mweupe kabisa umelala juu ya ile nyeusi? Nadhani bwana aliyechorwa anajisifu kimyakimya kwamba nguo yake ni ya rangi ghali, haichuji.

Jumatatu utasimama mbele ya walimu kuomba nafasi ya chuo, na suti yako nyeusi ni mpya. Leo hii lowesha leso nyeupe, uisugue ndani ya ukosi wa koti.