Hukutaja Jina Lake

Mwende mjukuu wangu,

Huku Nunguni tuko salama. Mama yako amepona kifua, na maharagwe yameota vizuri. Lakini barua yako kutoka kwenye mafunzo ya utafiti wa pombe imenikasirisha. Unaniuliza, "Susu, kwani ni lazima tufundishwe wiki nzima kutunza siri za walevi?"

Nikiwa msichana, watafiti walikuja hapa kuuliza watu juu ya pombe. Kaka yangu Mutua, fundi wa viatu, aliwaambia yote kwa sababu walimwahidi siri. Alisema alimpiga mkewe akiwa mjamzito, mtoto akafa tumboni, na tangu siku hiyo hawezi kulala bila kulewa. Sisi tulikuwa tumeambiwa mkewe alianguka mtoni.

Baadaye wakarudi, wakatusomea matokeo kwenye baraza la chifu. "Fundi mmoja wa viatu katika soko hili," kijana wao akaanza, akasoma mpaka mwisho. Soko letu lilikuwa na fundi mmoja tu. Mkewe aliinamisha kichwa. Mutua akainuka, akaondoka. Nilimfuata yule mtafiti.

"Umemvua nguo kaka yangu mbele ya watu!"

"Lakini sikutaja jina lake, dada," akasema, akifunga mkoba.

Mutua alihamia mji wa Salama, akanywa huko mpaka akafa. Hakurudi hata tulipomzika mama yetu.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya, Mwende. Alikuwa na haraka, kama wewe. Kesho rudi darasani, na ukae mbele.

Susu yako anayekupenda hata akikasirika,
Nthenya