Samaki wa Ijumaa

Isangi, 4 Machi 1963

Yaya Zuberi, kaka yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo wako unaendeleaje na cherehani? Nasikia wewe na papa Octave, yule mvuvi Mgenia, mmewaweka vijana wa Kiislamu na wa Kigenia kuvua pamoja kwenye maporomoko ili waache kupigana. Mnajuaje kama inasaidia? Nataka kumrudisha Sefu mjini, na sina mtoto mwingine. Kamuulize anayewafunga vidonda.

Mdogo wako, Madina

Kisangani, 2 Mei 1963

Mdogo wangu Madina,

Mgongo unauma, lakini nashona. Kwa usumbufu wako nilikwenda kwa Claire, muuguzi. Alinicheka: “Bon, siku zingine iko muzuri. Lakini kila Ijumaa munaniletea vichwa vimepasuka!” Kumbe vikapu vya samaki vinatolewa majini saa ya sala. Vijana wetu wakitoka msikitini wanakuta samaki wamekwisha kugawanywa. Nami nilikuwa humo humo msikitini, nikimshukuru Mungu kwa amani!

Octave amekubali: Ijumaa hakuna kugawanya mpaka wote wafike. Sasa Claire anasema Ijumaa anapumzika. Mlete Sefu, atavua na Eugène, mtoto wa Octave.

Yaya yako, Zuberi

Kisangani, 12 Desemba 1964

Madina,

Mko wazima? Waasi walipoingia mwezi wa nane walikusanya vijana. Wetu waliovua pamoja walikuwa ishirini na wawili. Kumi na watatu wakachukua silaha. Ndilo jibu la swali lako kama inasaidia, naliandika kwa aibu. Sefu na Eugène walikataa, wakakimbia. Tangu siku hiyo sijawaona. Nisamehe, mdogo wangu.

Yaya yako, Zuberi

Isangi, 22 Januari 1965

Yaya,

Salamu, na usilie tena. Wamefika jana kwa mtumbwi, Sefu na Eugène, wamekonda vibaya. Mwambie papa Octave upesi. Walijificha kisiwani miezi yote hiyo. Nimeuliza nani alimwokoa mwenzake. Sefu anasema Eugène. Eugène anasema Sefu. Nikawauliza tena mmoja mmoja, unanijua. Jibu ni lile lile.

Leo ni Ijumaa. Sefu amekwenda kusali, nikampakulia Eugène samaki, maana ana njaa kweli. Hajagusa sahani. Anasema tumngoje Sefu kwanza.

Mdogo wako, Madina