Chafya ya Tapkigen

Landi ya Reli, Nakuru
Tarehe 3 Februari 1957

Kwa Mama yangu wa Molo,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa mwanao Kiprugut. Sisi tunakula na tunalala, hatuna neno. Je, wewe mgongo unaendeleaje? Na pareto, imechanua? Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na moto, maana Kiprugut husema baridi ya huko haina adabu.

Nisamehe kwa mwandiko. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la nne, nikaacha shule, na sasa hivi mtoto yuko kwa paja langu na anavuta karatasi. Ndiyo, Mama, mtoto. Ni msichana, alizaliwa katikati ya Januari, ana nywele hadi masikioni. Akinyonya anakunja uso hivi. Kiprugut anasema ni wewe kabisa wakati nyapara anapima kikapu chako.

Najua hukupenda aoe Mbukusu, na arusini hukuja. Sikuwekei kinyongo. Lakini jina hatukumpa ovyo. Kiprugut alisema lazima liitwe kama kwenu, marehemu watajwe mmoja mmoja hadi mtoto amkubali mmoja kwa chafya. Jirani yetu hapa kwenye vyumba vya landi ni Bibi Jerop, mama mzee wa Kipsigis. Aliketi mlangoni na mtoto, akamgusisha ugoro kidogo puani, akaanza kuita waliokufa wa ukoo wenu, Kiprugut akimtajia mmoja baada ya mwingine. Mtoto alinyamaza tu, amekodoa macho. Bibi Jerop akasema, "Huyu anachagua kama mtu anayenunua ng'ombe." Walipofika kwa Tapkigen, dada ya marehemu mumeo, mtoto alipiga chafya hadi kofia ikaanguka. Tulicheka sana. Halafu Kiprugut akatoka akasimama kwa bomba la maji, nikajua analia. Ananiambia shangazi huyo ndiye aliyembeba mgongoni miezi ile ulipougua, kabla hajafa.

Sasa ninalo ombi. Mwezi wa nne reli inampeleka Kiprugut Kasese, huko Uganda, wanaume peke yao, na chumba chetu kitapewa mtu mwingine. Naomba nije kwako na Tapkigen mdogo. Nitachuma pareto, nitateka maji, sitakaa bure. Kiprugut amenifundisha kumwambia mtoto "kogo", kwamba ndivyo mnavyoita nyanya. Ninamwambia kila asubuhi ili akija akujue.

Binti yako,
Naliaka

*

Molo
Tarehe 19 Februari 1957

Kwa mke wa Kiprugut,

Mimi ni mzima. Mgongo ni wangu, usiuulize. Pareto imechanua bila kukungoja.

Barua yako nimesomewa na Mwalimu Micah wa kanisa, na hii ndiye anayeandika. Alipofika kwa lile jina nilimwambia arudi nyuma asome tena, nikidhani ametunga yeye.

Huyo mwanamke hajafa. Mmemwita mtu aliye hai katikati ya wafu. Hata vitoto vinavyochunga mbuzi kwetu vinajua kwamba mtu anayekula ugali haitwi. Sasa jina moja lina wenyewe wawili, na mmoja atamvuta mwenzake. Mlicheka sana, umesema. Haya, chekeni.

Na hata angekuwa amekufa mara mbili nisingemtaka. Mwaka wa kifagio, bwana wa shamba alipohesabu ng'ombe wetu na kufagia wote waliozidi, mimi nilikuwa nimeficha mitamba yangu msituni. Mtu mwingine aliyejua njia ni Tapkigen tu. Alikuwa amerudi kutoka kwa mume, anakula kwa kaka yake, yaani kwa sufuria yangu. Nyapara alikuja moja kwa moja hadi pale, hata hakuuliza mtu. Ng'ombe wakaenda wote. Nilimfukuza kabla umande haujakauka, akaondoka na kibuyu changu cha maziwa, chenye shanga nyekundu shingoni, nilichopewa na mama yangu.

(Hapa Mama amesema maneno ambayo mimi kama mwalimu wa kanisa nimeyaruka. Micah.)

Jina hilo halitapita mlango wangu. Usije.

Mama wa Kiprugut

*

Landi ya Reli, Nakuru
Tarehe 2 Machi 1957

Kwa Mama,

Salamu. Natumaini u mzima, na mgongo sijauliza.

Kiprugut alipoisoma barua yako aliketi kitandani na viatu vya kazi, vimejaa mafuta, nami sikumwambia avue. Akasema, "Mama aliniambia amekufa. Alinipa uji, akaniambia, nikaushika tu ule uji." Tangu siku hiyo yuko hapa na hayuko. Anamwangalia mtoto kama anayeogopa kumwamsha.

Nilikwenda kwa Bibi Jerop. Akashika kichwa. "Mimi niliomba wafu," akasema, "nikapewa wafu. Sasa mnaniambia mmoja wao bado anakula ugali?"

Mama, sisi hatukukosa kwa ujinga. Hata kwetu Bukusu mtoto huitwa kwa aliyetangulia, na anayejua nani ametangulia ni wazazi. Wewe ndiwe uliyesema. Kosa hili halikutoka Nakuru, limetoka kwako likaja hapa, na sasa unatufukuza nalo.

Nisingeandika hivi, lakini mtoto anakohoa. Dispensari ya reli wamempa dawa ya chupa na wamesema ni baridi. Mimi nikilala nasikia maneno yako, kwamba mmoja atamvuta mwenzake. Umeniandikia jambo hilo kisha ukafunga mlango. Niambie basi lifanywe nini. Je, anaweza kuitiwa tena, wewe mwenyewe ukimshika? Nitamleta hata kwa siku moja, nikae nje. Na huyo shangazi yuko wapi?

Nakusihi. Meno bado hajaota na tayari ana adui.

Binti yako,
Naliaka

*

Molo
Tarehe 15 Machi 1957

Kwa huyu anayenifundisha kuwa mama,

Niko mzima, na Mwalimu Micah anakusalimu, yeye ni mtu wa huruma.

Ndiyo, nilisema amekufa. Nilipoinuka kutoka kwa ile homa nilikuta mwanangu ananikimbia. Nikimwita anajificha nyuma ya nguo ya shangazi yake. Nikampikia, akaangalia uso wa yule kwanza kama ale au asile. Nilipomfukuza mwanamke huyo, mtoto alilia kila jioni akisimama njiani, na mimi nimeketi pale pale, mimi niliyemzaa. Wewe ungemwambia nini? Nikasema amekufa, na akanyamaza, na tukaendelea kuishi. Ungoje wa kwako akukimbie ndipo uniandikie.

Kumwita tena hakuna. Chafya haiokotwi chini ikarudishwa puani.

Huyo mwenye jina yuko Dundori, shamba moja la maziwa, anakamua. Mtu aliyepeleka ndama huko alimwona. Siku nyingi sasa, mimi sikuuliza zaidi. Nenda kwake. Amtemee mtoto mate ya baraka amwachilie, kama anajua kubariki. Na umuulize kibuyu changu.

Lakini kuja hapa, hapana. Hata kumwita kwa chakula nitamwitaje? Nisimame mlangoni jioni niite jina lile, majirani wasikie? Umesema huna mama. Si mimi niliyemuua. Una ndugu Bukusu, nenda huko.

Mama wa Kiprugut

*

Landi ya Reli, Nakuru
Tarehe 4 Aprili 1957

Kwa Mama wa Kiprugut,

Salamu.

Kiprugut alipanda treni jana. Alinishika mkono akasema nikuandikie kwa upole, kwa sababu wewe ni mkali tangu zamani na ni mama yake. Nimejaribu. Karatasi ya kwanza nilichoma, na ya pili nimewashia jiko.

Kwa hivyo naandika fupi. Chumba kinachukuliwa mwisho wa mwezi. Kwenu sitaomba tena. Kwa ndugu zangu siendi, maana walinikataa kwa sababu ya mwanao, sawa na wewe ulivyomkataa mtoto kwa sababu ya ng'ombe. Mtoto bado anakohoa. Akipata nafuu kidogo ya kubebeka nitakwenda Dundori, nimwombe mtu nisiyemjua kile ambacho nyanya yake amekataa kutoa.

Ulisema ningoje wa kwangu anikimbie. Labda atanikimbia. Lakini sitamuua mtu kwa maneno kwa ajili hiyo.

Naliaka

*

Nakuru
Tarehe 12 Mei 1957

Kwa Mama wa Kiprugut,

Natumaini uko salama na wote wa hapo, na Mwalimu Micah. Mimi sasa ninalala kwa Bibi Jerop, nyuma ya pazia. Watu wa reli wakipita kukagua, yeye husema mimi ni mgonjwa wake.

Nilikwenda Dundori. Nilipanda lori linalorudisha mikebe mitupu ya maziwa, mtoto ndani ya shuka mbili. Njiani askari walitushusha wakaangalia karatasi ya kipande ya kila mtu. Mmoja akamnyooshea mtoto kidole, "Na huyu kipande chake kiko wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa nikifikiria nitamwambia nini huyo shangazi. Nilikuwa nimepanga kupiga magoti.

Zizini nilimkuta mama mmoja, anaitwa Jepkorir, mikono imelowa maziwa. Nikauliza Tapkigen.

"Unamtakia nini?"

"Nimemletea mtoto aliyepewa jina lake."

Alimwangalia mtoto kwanza. Akapangusa mikono polepole kwa sketi yake. "Mama," akasema, "tulimzika mwezi wa kumi. Kifua."

Mwezi wa kumi, Mama. Mtoto alizaliwa Januari. Alipoitwa alikuwa amekufa kweli, na sisi wote hatukujua. Wewe hukujua, mimi sikujua, Bibi Jerop hakujua. Mtoto peke yake ndiye aliyepatia.

Nilikaa chini hapo zizini, kwenye matope. Jepkorir alidhani nalia kwa huzuni. Nilikuwa nafurahi, halafu nikaona haya kufurahi. Nilikwenda kaburini, halina kitu, ni udongo na majani ya viazi yanayotambaa kutoka shamba la jirani. Nikamshusha mtoto aguse udongo.

Kibuyu chako kipo. Marehemu na Jepkorir walikuwa wakilala chumba kimoja, na Jepkorir anasema kilitundikwa ukutani miaka yote, kinasafishwa kwa mkaa, lakini maziwa hakikutiwa hata siku moja. Alimuuliza kwa nini. Tapkigen akajibu, "Kina mwenyewe, na mwenyewe ni mkali." Kuhusu mitamba, alisema hadi mwisho kwamba si yeye aliyemwonyesha nyapara. Mimi sikuwapo, sijui. Nakuandikia kama nilivyoambiwa. Alikuwa akiuliza kila mtu anayetoka Molo, "Yule kijana wangu Kiprugut amefika wapi?" Hakuna aliyemjua.

Kikohozi kimeacha. Inawezekana ni dawa ya chupa.

Sikuandikii ili unipe nyumba. Mtu akifa, wa kwao huambiwa, na nimeona huko hapakuwa na mwingine wa kukuambia. Kibuyu ninacho. Yeyote anayekuja Nakuru unaweza kumtuma akichukue.

Mama wa Tapkigen,
Naliaka

*

Molo
Tarehe 1 Juni 1957

Kwa mama wa Tapkigen,

Tuko wazima. Mgongo unauma upande wa kushoto, kwa kuwa uliuliza. Pareto ilipigwa na baridi kali, imebaki ya kuchuma kidogo, lakini mikono miwili ingesaidia.

Mwalimu Micah alisoma barua yako, nikamwambia anyamaze. Akanyamaza hadi moto ukataka kuzimika. Halafu akataka kuomba, nikamwambia anyamaze tena.

Kuhusu ng'ombe sijabadilisha neno. Usije hapa ukidhani nimebadilisha.

Nilisema amekufa wakati hajafa, na alipokufa nilikuwa hapa nachuma maua, hata sikuinua kichwa. Nimelisema jambo hilo miaka yote bila kulia. Sasa ni kweli, na sijui nifanye nalo nini. Jana jioni nilisimama mlangoni nikajaribu kuita lile jina. Nilianza kwa sauti ndogo. Mbuzi tu ndio waliogeuka.

Jumamosi ya wiki ijayo upande treni ya asubuhi. Nitakuwa stesheni ya Molo, nimevaa blanketi ya kijivu, na usinitafute usoni furaha, uso wangu ndio huo. Mtoto umfunge vizuri kichwa na miguu. Kibuyu usikitie kitu chochote, nitakitia maziwa mimi.

Na huyo Tapkigen usimbembeleze njiani akalala. Nataka afike macho yakiwa wazi. Nina maneno naye ya miaka mingi, na safari hii atayasikia yote, maana kutembea bado hajajua.

Ni mimi,
kogo wake