Etiketi niliyoikwangua kwenye bidoni ya methanoli

Siku ya yenga, saa mbili asubuhi. Mvua ya usiku imekatika, watu wanapita chini ya dirisha langu wakienda misa, na mimi sijaenda. Sina uso wa kukaa mbele ya altare leo.

Naandika hapa kwa sababu nikimuambia bwana yangu nyumbani atanitetea, na sitaki kutetewa.

Mimi ndiye ninasimamia depo ya kemikali kwenye fakilte yetu. Kila kitu chenye kuwaka, kuunguza ao kuua, kikitoka kwenda labo yetu ndogo ya Luvungi, kinapita mikononi mwangu. Nakipima, nakifunga, nakiandikia karatasi ya safari. Na kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia kwamba chombo kisicho na etiketi hakipandi gari. Nawaambia kwa ukali mpaka wananiita Maman Etiketi, wakifikiri sisikii.

Juzi, siku ya tano, tulikuwa tunapeleka lita ishirini za methanoli. Pipa kubwa haitoki depo, basi tunamimina ndani ya bidoni za njano, zile za mafuta ya kupikia, tunazisafisha wenyewe. Kila nyumba ya Bukavu iko nazo: za maji, za pombe, za petroli. Methanoli ni nyeupe kama maji na harufu yake ni ya pombe kali. Vijiko vichache vinaweza kuharibu macho ya mutu. Kikombe kinaweza kumuua.

Asubuhi ile nilibandika etiketi ya fuvu la kichwa na ndimi za moto. Halafu nikaibandua.

Niseme sababu, si kwa kujitetea. Safari iliyopita fuvu lile lilitukalisha kwenye barieri ya barabarani tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Eti tumebeba bombi. Wakamuita huyu, wakamuita yule, wanafunzi wakatungojea Luvungi bure. Safari hii shofere wetu papa Murhula, muzee mupole sana, akaniambia: "Maman Noela, utoe ile picha. Bidoni bila picha iko bidoni tu." Nikachukua kisu, nikakwangua mpaka gundi ikaisha. Hakuna mutu alinishika mukono kwa nguvu.

Barieri yenyewe ni kamba tu, mbele kidogo ya Nyantende. Anayeishusha na kuipandisha ni papa Cirhuza, mwanaume wa makamo mwenye mizaha, anatujua sisi wote wa barabara ile. Aliinua turubai, akafungua bidoni, akanusa.

"Ee maman wa université, na wewe unauzisha kanyanga?"

Kanyanga ni pombe kali ya kwetu, na inasafiri ndani ya bidoni zilezile. Nikamuambia si kanyanga, ni sumu ya labo. Akacheka kabisa. "Kila mwenye kupitisha kanyanga hapa anasema iko sumu." Na ni kweli, wanasema vile. Akaleta chupa ya nusu lita, akaijaza. Papa Murhula akaninong'oneza: umuachie, tuende.

Nikamuachia.

Nilisema mara moja tena, "Papa, usikunywe," nikapanda gari. Lakini nilisema kwa sauti ya mutu anayeharakia safari. Niliogopa kwamba akinisikia vizuri watatushika tena siku nzima.

Tukaenda mpaka kona za Ngomo. Karibu saa nzima. Nilikuwa najiambia ataonja, atasikia si kanyanga, atatema. Lakini methanoli haimutemeshi mutu. Mimi najua, ndiyo kazi yangu kujua. Kwenye kona moja, pale malori yanapishana kwa shida, nikamuambia papa Murhula ageuze gari. Ilimuchukua muda kupata pahali pa kugeuzia, na mimi nikalia kwa hasira, hasira yangu juu yangu mwenyewe.

Tulimukuta kwenye kiti chake, chupa iko karibu na muguu. Ilikuwa imepungua upana wa vidole viwili.

"Kanyanga yako iko tamu, lakini haina nguvu," akaniambia.

Nikamuomba tumupeleke hospitali. Akakataa. Alifikiri ninamuchezea ili anirudishie chupa yangu. Nikapiga magoti barabarani mbele ya wamama wanaouzisha ndizi, nikamuambia, "Papa, kulikuwa etiketi ya kifo juu ya ile bidoni. Niliitoa mimi, ili musitusumbue." Hapo akaacha kucheka. Akaangalia chupa, akaniangalia, akapanda gari bila kuchukua hata koti yake.

Hospitali walimupa wiski. Ndiyo, wiski, kwa kipimo, kila saa, kwa sababu pombe ya kawaida inazuia methanoli isigeuke sumu mbaya zaidi ndani ya mwili. Papa Cirhuza akapata nguvu ya kunitania: nimemutoa kwa pombe ya uongo, sasa anapewa ya kweli bila kulipa. Bibi yake wa ndoa, maman Furaha, akacheka. Na mimi nikacheka nao. Nikafikiri tumepona.

Jana asubuhi nilimupelekea uji. Alikuwa amekaa kitandani, uso kwenye dirisha. Akasema, "Leo ukungu iko mingi."

Nje kulikuwa jua. Ziwa lilionekana lote.

Maman Furaha hakuangalia dirisha, aliniangalia mimi. Nikakimbia kumuita munganga. Anasema macho yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi, tungojee siku chache. Alisema pia tungemufikisha mapema kidogo ingekuwa vizuri. Hakujua anasema na nani.

Jana jioni shefu wangu alinitumia rapori ya ajali kwa simu, imeisha kuandikwa, kesho niweke tu saini. Iko fupi. Inasema etiketi ilibanduka njiani kwa sababu ya mvua. Inasema mutu wa barieri alionywa, akajichukulia kwa nguvu. Chini akaniongezea: "Noela, uko na watoto, usijiharibie kazi." Si mutu mubaya. Ananihurumia kweli.

Siku ya tano haikunyesha hata tone.

Nimeisoma mara nyingi usiku huu, na aibu yangu kubwa ni hii: nilitaka kusaini. Nilikuwa nimeshika kalamu. Papa Cirhuza na wamama wa ndizi walisikia nikisema ukweli pale barabarani, lakini nani atawaamini? Rapori hii ikipita, yeye ni mwizi aliyejiharibia macho mwenyewe, na mimi ni maman wa depo aliyefanya kazi yake vizuri. Naogopa kupoteza kazi. Naogopa sana, sitaficha.

Nimeandika ingine, kwa mukono. Inaanza hivi: etiketi niliitoa mimi, kwa kisu, nikijua ndani kulikuwa nini. Inaendelea: niliondoka nikamuachia chupa.

Kesho itakuwa kwenye meza ya shefu. Lakini leo naanzia hospitali. Nitamusomea papa Cirhuza yote, polepole, bibi yake akisikia, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuisoma.