Ngoma Iliyomukimbiza Mama

Mama Furaha,

Maharagi iko juu ya mbabula, uongeze maji. Salomon akikuja kuchukua wimbo wake, ~~umupe~~ hapana kumupa, haujaisha.

Asubuhi mu studio, besi ilikuwa inameza ngoma kubwa. Donc nikapunguza besi, nikapandisha sauti ya ngoma mpaka ukuta ukatetemeka. Nilisahau kama mama yako analala nyuma ya ule ukuta. Ulikuwa umenikataza, najua. Akalia: "Bomu! Mukimbie!" Akatoka bila viatu, sawa vile siku ile balitoroka vita kule Mbau. Nilimufuata, nikamupoteza ku soko.

Sasa masista ba parokia bamepiga simu: anaketi kwao, lakini angali anatetemeka. Ninaenda kumuchukua. Atauliza nani alitupa bomu. ~~Nitasema ni radi.~~ Nitamuambia ni mimi.

Baba Furaha