Mkwe Wangu Alivunja Mwiko Akaniokoa na Pepopunda

Mshauri Bi Lilian, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi pokea salamu zangu kutoka Nkunga, mimi ni mkulima wa ndizi na chai kidogo, umri wangu miaka sitini na nne, ni mzee wa kanisa, na ninaomba unisaidie kwa jambo ambalo siwezi kulipeleka kwa mchungaji kwa sababu mchungaji ni binamu yangu na litafika nyumbani kabla yangu.

Nina mkwe anaitwa Tupokigwe, mke wa mwanangu Lugano anayefanya kazi kiwanda cha chai, wanaishi uani kwangu mwaka wa sita sasa. Kwa desturi tuliyolelewa nayo sisi Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawaangaliani usoni wala hawasemeshani, nikipita yeye hujificha au hugeukia ukutani, chakula anapika yeye lakini analeta mke wangu, na najua vijana wengi siku hizi wameiacha, ila mimi niliishikilia, na yeye hakunung'unika hata siku moja. Kwa hiyo miaka yote hiyo alinijua kwa sauti yangu kupitia ukutani na kwa sahani ninazorudisha, basi.

Mwezi wa tatu nilikuwa natoa samadi zizini kupeleka migombani, niko pekupeku, nikakanyaga ubao wenye msumari, ukazama kwenye unyayo, nikauchomoa, nikatia majivu, na baada ya siku nne tundu likajifunga nikasahau. Siku ya tisa nikaamka taya zimekaza, nikadhani ni baridi ya mvua, mke wangu akadhani ni jino, kufika mchana shingo nayo ikakaza, na mdogo wangu Jotham alipokuja kuniona akasema huyu amechezewa, akaanza kupanga nipelekwe kwa mtu anayemfahamu ng'ambo ya mto.

Huko jikoni mkwe wangu aliona mbalaga yangu imerudi nzima, ndizi hazijaguswa, nimekunywa mchuzi tu, na akasikia kwamba maneno yangu yanatoka yamebanwa na meno. Akajifunika kitenge kichwani, akaja mpaka chumbani, akasimama ameelekea ukuta, akamwomba mke wangu amwambie baba afungue mdomo. Nikajaribu, hata kidole hakipiti. Hapo ndipo alipogeuka akaniangalia.

"Baba, umejichoma wapi?"

Mshauri, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia. Nikamwonyesha mguu, akapiga magoti akaushika kwa mikono miwili, akalibonyeza lile kovu, yakatoka majimaji. Jotham akamwambia atoke nje, kwamba anamdhalilisha mzee. Yeye akajibu bila kupandisha sauti: "Hii ni pepopunda. Si pepo, baba mdogo, ni kidonda. Anaenda hospitali sasa hivi."

Akampigia simu Hezron mwenye pikapu ya kubebea majani ya chai, akamwambia azime redio na apite mashimo taratibu, kwa sababu kila mtikisiko na kila kelele mwili wangu ulikuwa unajipinda kama upinde, meno yanasagana, na akili yangu ni nzima kabisa, naona na kusikia kila kitu, hiyo ndiyo taabu yake. Yeye alikaa nyuma, kichwa changu kikiwa mapajani mwake, amenifunika macho kwa kitenge chake ili mwanga usinichokoze, yeye mwenyewe kichwa wazi, tukapita hivyo sokoni watu wakituangalia.

Tukuyu hospitali waliuchana unyayo wakausafisha, wakanipa dawa ya kupambana na sumu na nyingine za kulegeza mwili, wakanilaza chumba chenye giza na ukimya kwa wiki tano. Daktari alisema ningechelewa siku moja ningerudi nyumbani ndani ya sanduku. Nikamwuliza mke wangu huyu binti alijulia wapi, akasema alipokuwa na mimba ya mjukuu wetu Shukrani, siku wajawazito walipochomwa sindano ya pepopunda zahanati, wenzake walishusha mikono ya blauzi wakaondoka, yeye akabaki kumwuliza nesi ugonjwa wenyewe unaanzaje, unaonekana vipi, unaingilia wapi, mpaka nesi akakosa nafasi ya kunywa chai.

Sasa linaloniumiza ni hili. Nilipotoka hospitali, hata wiki haijaisha, Jotham alikusanya wazee wa ukoo uani kwangu akasema mkwe amemshika baba mkwe mbele ya watu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi atatolewa mbele ya ukoo aombe radhi. Tupokigwe alikuwa jikoni anasikia. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, taya zimeshafunguka, nikanyamaza. Sijui niliogopa nini. Tangu siku ile anajificha kuliko zamani, akisikia fimbo yangu anaacha hata chungu kinachemka. Bi Lilian, katika umri wangu wote sijaona mtu ninayemstaajabia kama huyu binti, nataka kumwambia ndaga fijo, asante sana, lakini nikimwita nitavunja mwiko tena na kumwongezea maneno ya watu, na nikikaa kimya ninakuwa mtovu wa fadhila. Nifanye nini? Mguu umepona vizuri, waliniambia nirudi kwa sindano nyingine lakini kwa kuwa nimeshaugua nimeona hakuna haja.

Ni mimi Ambindwile, Nkunga.

BI LILIAN ANAJIBU

Shikamoo, mzee Ambindwile, na pole kwa yaliyokupata. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili haikuwa kwa ajili yako. Nilikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita. Sindano hiyo nimewachoma wanawake wengi nisiowakumbuka, lakini walioniuliza inakinga nini hasa nawakumbuka wote, kwa sababu hawazidi vidole vya mikono miwili.

Sikia alichokiona mkwe wako pale mlipoona jino na uchawi. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, wamejifungia kwenye ganda gumu, wakisubiri hata miaka. Hewa hawaipendi. Msumari uliwapeleka ndani, majivu hayakuwafikia, na tundu lilipojifunga ukafurahi, kumbe umewawekea chumba wanachokitaka. Wakaamka, wakazaana. Wenyewe hawakutoka unyayoni. Kilichosafiri ni sumu yao, ikapanda kwenye mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo, ikazima ile amri inayoiambia misuli ilegee. Ukabakiwa na amri moja tu: kaza. Na dawa ya hospitali huikamata sumu iliyo bado njiani; iliyokwisha kushika mishipa haing'oki, inasubiriwa iishe nguvu yenyewe, na wengine hawafiki huko. Sasa pima mwenyewe zile saa ambazo Jotham alitaka mzitumie kuvuka mto.

Kuhusu sindano, mzee wangu, hapo umenikasirisha. Surua ukiugua mwili unajifunza. Pepopunda haikufundishi kitu, kwa sababu sumu inayotosha kuua ni kidogo mno, mwili haupati hata nafasi ya kuitambua. Unaweza kuugua tena mwaka huu huu, kwa msumari mwingine. Kesho asubuhi nenda zahanati ukaendelee na chanjo mpaka wakuambie imetosha. Na ununue mabuti ya zizini.

Umesema hujui uliogopa nini. Mimi najua: uliogopa kuonekana mzee aliyeshikwa. Lakini ulikwisha kushikwa, na soko zima limeona, na ndiyo sababu uko hai unaandika barua. Desturi yenu siidharau. Binti huyo aliitunza miaka sita kuliko wewe, akaiweka kando alasiri moja tu, na hakuiweka kando kwa ajili yake. Aliyekukosea heshima siku ya kikao si yeye.

Kwa hiyo, kabla ya Jumamosi mwite Jotham peke yake umwambie kwamba hakuna radhi itakayoombwa uani kwako. Yeye ni mdogo wako, atasikia. Lugano na mama yake nao wajue. Jumamosi wazee waje kama walivyoitwa, na wewe uwe wa kwanza kusimama. Eleza yote uliyonieleza mimi, msumari, sahani, pikapu, usipunguze, halafu umshukuru mkweo kwa sauti ya kufika jikoni. Asiitwe katikati ya watu kama mshitakiwa. Akae anapotaka, nyuma ya mlango kama ndivyo anavyoona vyema, atakusikia.

Watu wakishaondoka, mtume mama Lugano amwulize anataka mkae vipi kuanzia sasa: muendelee kupishana, au msalimiane kama watu wa nyumba moja. Usimharakishe. Na jibu lolote atakalotoa, hilo ndilo litakuwa desturi ya nyumba yako.